Fanani, Hadhira na Mdaiwa

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hapana utendaji pasi na fanani na hadhira. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitutajia pia tukio, mahali na wakati, na sote tumeyakariri hayo usiku wa kuamkia mtihani. Nami niliyakariri, nikayaandika, nikatuzwa alama. Hata hivyo, tangu mwaka wangu wa pili katika shahada ya kwanza nimekuwa nikifanya kazi ambayo sikupata kuiona katika orodha hiyo. Mimi ni promota. Ndimi ninayekodi hapo mahali, ninayetangaza huo wakati, ninayemwita fanani, na ninayeipokea hadhira langoni na kuivisha bangili ya karatasi. Fanani akishuka jukwaani, ndimi ninayepaswa kumlipa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wapenzi wa usanifu watasema neno lifaalo ni mwandalizi wa matamasha. Sina ugomvi nao. Ila jina hilo halijapata kusikika River Road, na River Road ndiko kazi yenyewe inakoanzia.

Nilianza kwa kubandika mabango. Promota mmoja wa mjini alihitaji vijana wenye miguu mepesi, nami nilihitaji nauli. Jioni tulichukua mabango kwa wapiga chapa, wino ukiwa bado unanuka, tukapika gundi ya unga wa ngano bwenini, kisha tukatoka saa tano usiku. Nguzo za Tom Mboya, kuta za Ronald Ngala, ua wa mabati wa kila jengo lililokuwa likijengwa, kote tulipita kabla askari wa kaunti hawajaamka. Mchana tuligawa vipeperushi mbele ya jengo la Nyaraka za Kitaifa, pale Wanairobi wanapowekeana miadi. Nilijifunza mambo pale ambayo hayamo katika kitabu chochote cha nadharia ya upokezi. Mtu anayepokea karatasi kwa mikono miwili na kushukuru haji. Anayeuliza kiingilio ni shilingi ngapi huenda akaja. Anayeuliza, "Na usiku tutarudije nyumbani?" huyo amekwisha kuamua, mwandalie nafasi.

Baadaye nilipandishwa cheo hadi langoni, kisha nyuma ya jukwaa, kisha nikatumwa mtaa wa Luthuli kukodi vipaza sauti. Nikafahamu kwamba tamasha la watu mia mbili laweza kudai karatasi nyingi kuliko harusi tatu: ruhusa ya mwenye uwanja, kibali cha kaunti, taarifa kwa kituo cha polisi, leseni ya kelele chini ya kanuni za 2009, na ada ya hakimiliki za muziki. Hiyo ada ya hakimiliki hulipwa kabla hata uzi mmoja wa gitaa haujaguswa. Mtunzi aliyesimama jukwaani na kuuimba wimbo wake mwenyewe hulipwa, kama atalipwa, baada ya watu kwenda nyumbani.

Ukae na mapromota siku mbili tatu utaona kwamba malipo yana utaratibu wake, na utaratibu huo haukuandikwa popote. Wa kwanza ni mwenye uwanja, maana ndiye mwenye ufunguo. Wa pili ni fundi mitambo, maana anaweza kuchomoa waya. Huja mwenye jenereta, kisha walinzi, ambao hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuwaambia waje Jumatatu. Halafu huja msanii mkuu, yule ambaye sura yake imejaza nusu ya bango. Huyu ana meneja, na meneja wake hushika bahasha kwanza ndipo ashike mkono wako. Wasanii wadogo hufuata wakipiga kelele. Mwisho kabisa husimama yule asiyeweza kuchomoa kitu chochote na ambaye adabu yake haimruhusu kupiga kelele. Mara nyingi ni mtu mzima. Mara nyingi ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote.

Sisemi haya ili niwapake mapromota wote matope. Kazi hii ni kamari iliyovaa suti, na wakubwa pia wamepata kuumbuka. Waandalizi wa Woodstock, kule Marekani mwaka 1969, walishindwa kumaliza ua kwa wakati, umati ukaingia bure, nao wakatoka na madeni ambayo yalikuja kufidiwa na filamu ya tamasha lenyewe. Mwaka 1974 lilipangwa tamasha kubwa la muziki mjini Kinshasa lifuatane na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likaahirishwa kutoka Septemba hadi mwisho wa Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kufika na tarehe zao hazikuweza kusogezwa. Wageni wa ng'ambo waliotarajiwa kujaza hoteli hawakuonekana. Hapa kwetu, Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004 na kusifika duniani kote, haikufanyika kabisa mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Waandalizi wake walitangaza mapema kwamba hakuna tamasha mwaka ule. Siku hizo nilidhani huko ni kushindwa. Sasa naona ilikuwa ni ungwana, kwani asiyeita watu hana wa kumkimbia.

Nilikimbia mimi.

Ilikuwa Novemba 2019. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa darasa la isimu, na tulikuwa tumechoka kuwabandikia wengine mabango. Tulivutiwa na mfano wa Muthoni Ndonga, mwanamuziki aliyeanzisha Blankets & Wine mwaka 2008 hapa Nairobi ili wasanii wa aina yake wapate jukwaa, watu wakaketi nyasini mchana kama wako mashambani kwao. Tukasema, kwa nini lisiwepo tamasha la namna hiyo upande wa Kangemi na Kawangware, kwa kiingilio cha shilingi 500, na nyimbo zote ziwe za Kiswahili? Tulikusanya akiba yetu na sehemu ya mkopo wa HELB, fedha ambazo hazikukopeshwa kwa ajili ya kukodi mahema. Tukapata uwanja nyuma ya barabara ya Waiyaki. Tukamwita kijana mmoja aliyekuwa akivuma redioni, kikundi cha vijana wanne wa kufoka, na mzee mmoja mpiga gitaa.

Mzee huyu ameniomba nisimtaje jina. Alizaliwa Tanga na kuja Nairobi miaka ya 1970, kwa njia ileile waliyoipita Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika, wakati ambapo mpiga gitaa wa Tanga au wa Lubumbashi aliiona Nairobi kuwa mahali pa kurekodi na kuuza santuri. Alipiga katika bendi ambazo zilivunjika, zikaungana, zikavunjika tena. Alipokubali kutupigia alikuwa akiishi Kawangware, akipiga mwisho wa juma katika baa na hoteli za kando ya jiji, yeye na wenzake wawili. Tulipatana shilingi 12,000 kwa wote watatu. Hakudai arbuni. Alisema, "Nyinyi ni wanafunzi," kana kwamba uanafunzi ni dhamana.

Wanaoikumbuka Novemba ile wataikumbuka mvua. Haikuwa mvua ya vuli tuliyoizoea. Ilinyesha kama iliyotumwa. Barabara ya Waiyaki ilikuwa ikipanuliwa kutoka James Gichuru kuelekea Rironi, na kufikia saa tisa alasiri matope yalikuwa yamekula viatu na magari. Tulihitaji watu 380 ili tusipate hasara. Walikuja 122. Ninaijua hesabu hiyo kwa sababu niliihesabu mara saba, kana kwamba ingezaa nikiirudia.

Langoni palikuwa na shilingi 61,000. Fundi mitambo aliketi juu ya spika, mikono kifuani, akasema hatawasha kitu mpaka aione nusu yake iliyobaki: 22,000. Jenereta, 10,000. Walinzi wanane, 8,000. Meneja wa yule kijana wa redioni alikuwa amekwisha kuchukua arbuni ya 20,000 na sasa akataka 20,000 nyingine kabla ya mtu wake kushuka garini. Tulimpa. Ikabaki shilingi 1,000, nayo tukawapa vijana wa kufoka iwe nauli, kwa kuwa walikuwa wameanza kutuita majina mbele za watu.

Wakati haya yote yakitendeka nyuma ya hema, mzee alikuwa jukwaani. Hapa naomba msomaji anivumilie. Nimehudhuria matamasha mengi tangu wakati ule, mengine katika bustani za Lavington na Westlands ambako meza moja huuzwa kwa bei ya kodi ya mwaka mzima ya chumba cha Kawangware, lakini sijapata kuona jambo kama lile. Watu 122 walikuwa wamesongamana chini ya hema moja kwa kukwepa maji. Hakukuwa na nafasi ya kucheza, basi wakacheza wakiwa wamesimama palepale, kwa mabega. Mzee aliliona hilo akaupunguza mwendo, akaanza kuimba na wale wa mbele kana kwamba wako sebuleni kwake, akauliza, wakajibu, akabadilisha majina katika beti akaingiza ya mitaa yetu, wakapiga vigelegele. Kila tulichofundishwa juu ya fanani na hadhira kuumba utungo pamoja kilikuwa pale mbele yangu, na mimi nilikuwa nikihesabu noti.

Aliposhuka nilimfuata hadi walipokuwa wakifunga vyombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imetuonea leo."

"Mzee, ile bahasha yenu..."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu vichwa nikiwa juu. Utanipigia lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu," akarudia, akalifunika gitaa lake kwa mfuko wa plastiki wa sukari, na wakaondoka watatu kwa miguu kuelekea Kawangware.

Jumatatu nilizima simu. Niliizima na Jumanne pia. Nilipoiwasha sikukuta ujumbe wake wowote, na ukimya huo niliutafsiri kwa namna iliyonifaa: kwamba amesamehe, au kwamba amepata kazi nyingine, au kwamba 12,000 si kitu kwa mtu aliyepata kuuza santuri. Ahadi ni deni. Tuliandika insha juu ya methali hiyo tangu shule ya msingi, na nilikuwa nikisifiwa kwa insha zangu. Nilijiambia nitaandaa tamasha jingine mwezi wa Aprili, nilipe madeni yote kwa pamoja. Machi 2020 korona ikaingia nchini. Mikutano ikapigwa marufuku, baa zikafungwa, na kuanzia tarehe 27 mwezi ule tukawa na kafyu ambayo haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Kwangu mimi korona ilikuwa udhuru uliotoka mbinguni: nani angemdai promota wakati ule? Sikukaa nikafikiri, au nilikataa kufikiri, kwamba kwa mpiga gitaa anayeishi kwa kupiga baa kila Ijumaa na Jumamosi, kufungwa kwa baa ni kufungwa kwa chungu. Nilikuwa nikiishi Lavington wakati huo, kwa jamaa yangu, nikifundisha watoto wake. Lavington na Kawangware zimetenganishwa na barabara tu. Ukisimama vizuri, waweza kusikia adhana ya upande wa pili.

Mwaka 2022 nilirudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Mada yangu ni lugha ya mashairi ya muziki wa dansi uliorekodiwa Nairobi kati ya 1970 na 1985. Msimamizi wangu aliipenda, akaniambia nisitegemee santuri peke yake, niwatafute waliokuwapo. Nikaandika orodha ya wasailiwa. Jina la kwanza lilikuwa lake.

Nilikaa na orodha hiyo miezi kadhaa. Niliomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, nikakipata. Nilitayarisha hojaji, nikazirekebisha, nikazichapisha upya. Nilitayarisha na fomu ya idhini, ile inayomweleza msailiwa kwamba ana hiari ya kushiriki na kwamba hatapata madhara yoyote kutokana na utafiti huu. Kila nilipofika kwenye sentensi hiyo nilinyanyuka nikanywa maji.

Kusoma nako hakukunisaidia kuepuka. Nilisoma juu ya NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, ambayo wanamuziki wake waliajiriwa wakalipwa mishahara. Nikasoma juu ya bendi za Nairobi, ambako mara nyingi mwenye vyombo alikuwa ndiye mwenye baa, na mwanamuziki asiye na gitaa lake mwenyewe hakuwa na sauti mbele ya bosi. Nikasoma jinsi wanamuziki kadhaa walivyojitoa Simba Wanyika mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika. Wahakiki wetu, nikiwamo, huyasoma mashairi ya kipindi hicho tukatafuta taswira na takriri. Tukikuta wimbo wa mtu anayelalamika kwamba ametumwa kazi na hajalipwa, tunaandika kwamba mshairi anatumia mapenzi kama sitiari ya uchumi. Huenda. Na huenda hakuwa amelipwa.

Agosti 2023, nikiwa nimefanya kazi ya langoni katika matamasha matatu mfululizo, nilitia noti kumi na mbili za elfu mojamoja katika bahasha. Nilisita kama niongeze. Shilingi 12,000 za 2019 hazikuwa tena 12,000. Mfuko wa unga peke yake ungetosha kutoa ushahidi. Lakini niliogopa kwamba nikiongeza itaonekana nanunua mahojiano. Nikaongeza sukari na majani ya chai tu, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mkubwa wake. Kinasa sauti nilikiacha chini kabisa mwa mkoba. Nikapanda matatu nambari 46.

Alinitambua kabla sijajitambulisha. Alikuwa amekonda, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeanza kupinda, lakini gitaa lilining'inia ukutani likiwa safi. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kitini, naye akaketi kitandani. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu ya kuomba radhi, ya Kiswahili kizuri sana. Nilitoa sentensi mbili, ya tatu ikanikwama, nikampa bahasha kwa mikono miwili.

Hakuikataa, wala hakusema kwamba haikuwa na haja. Aliifungua, akahesabu noti moja moja, akaziweka chini ya mto. Kisha akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa daftari lenye jalada gumu, la aina ile ya maduka, kingo zake zikiwa zimeliwa na panya. Akalifungua karibu na mwisho. Niliona safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, mahali, ahadi, mapokezi. Mwandiko ulikuwa wa shule za zamani, umelala upande mmoja. Akatafuta kwa kidole, akakipata: Novemba 2019, Kangemi, wanafunzi, 12,000. Safu ya nne ilikuwa tupu. Akaijaza, akatia na tarehe ya siku ile.

"Mzee, naomba niangalie."

Akanisogezea. Nilifungua kurasa nyuma, miaka ishirini, thelathini. Safu ya nne ilikuwa na matundu mengi kuliko wino. Kulikuwa na mahoteli, harusi, mikutano ya wanasiasa, mapromota ambao baadhi yao nilipata kuwabandikia mabango. Katikati ya hao nilikuta mistari ambayo haikuwa ya muziki. Mmoja ulisema: mwalimu wa chuo, kanda tatu, soda moja. Mwingine, miaka kadhaa mbele: wanafunzi wa chuo, kanda mbili, picha, watarudi. Hakukuwa na kitu katika safu ya ahadi wala ya mapokezi. Sijui ni nani hao, na sikuuliza. Labda kazi zao zimo maktabani mwetu, nami nimezidondoa.

Nikamrudishia daftari. Nikamweleza kwamba sasa nasoma, kwamba natafiti nyimbo za wakati wao, na kwamba kama hataki nitaelewa na nitakwenda zangu. Nilitoa fomu ya idhini. Aliisoma yote, pole pole, miwani ikiwa puani, hata ile sentensi. Akaniambia nitoe hicho chombo changu cha kunasia sauti, nikakitoa, akakitazama kilivyo kidogo, akacheka kidogo.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika tarehe ya siku ile katika safu ya kwanza, na katika safu ya pili akaandika: nyumbani. Akaliinua kalamu juu ya safu ya tatu, akaniangalia juu ya miwani.

"Na haya ya leo, mwanangu," akauliza, "tuandike shilingi ngapi?"